Ruhusa ambayo wazazi waliikataa: kisa cha elimu ya dini katika shule moja ya msingi mjini Belfast

Mzazi asiye na dini akilalamika kwamba shule ya serikali inamfundisha mwanawe kusali, jibu analopata huwa moja karibu kila mahali: kama hutaki, mtoe kwenye kipindi. Wazazi wa kisa hiki walipewa ruhusa hiyo, na kisheria haikuwa na masharti yoyote. Wakaikataa. Walikwenda mahakamani, wakashinda, wakashindwa kwenye rufaa, na tarehe 19 Novemba 2025 Mahakama ya Juu ya Uingereza ikawapa haki. Ninakichambua kwa sababu swali la ruhusa hiyo linawahusu walimu wakuu na wazazi wengi wa huku kwetu, na sijaona mahali pengine lilipochimbwa kwa kina kama hapa.

Mahakama yenyewe iliwafichia majina. Mtoto aliitwa JR87, baba yake G. Hapa nitawaita mtoto na wazazi, na shule itabaki shule.

Usuli

Ireland Kaskazini ni sehemu ya Uingereza yenye historia nzito ya dini. Shule nyingi za Wakatoliki zina uongozi wake, na karibu nazo kuna shule zinazomilikiwa na mamlaka ya umma, ambazo kwa desturi husomesha zaidi watoto wa familia za Kiprotestanti. Hizi za umma, kwa karatasi, si za dhehebu lolote. Lakini nyingi zilikuwa mali ya makanisa kabla hazijakabidhiwa serikali, na makanisa hayakuzikabidhi mikono mitupu. Mwaka 1923 waziri wa elimu wa wakati huo, Lord Londonderry, alijaribu kuzifanya shule za umma zisifundishe dini ya upande wowote. Makanisa ya Kiprotestanti yalikuja juu, na sheria ya 1930 ikairudisha Biblia darasani. Hadi leo wawakilishi wa makanisa yale wana viti kwenye bodi za shule hizo.

Sheria inayotumika sasa ni ya 1986. Inataka kila shule inayopata fedha za serikali iwe na elimu ya dini na ibada ya pamoja. Kwa shule za umma inaongeza kwamba elimu hiyo ijengwe juu ya Biblia bila kuingiza fundisho la dhehebu moja mahususi. Maana yake ni kwamba Mpresbiteri na Mwanglikana hawatagombana, maana kilichoondolewa ni madhehebu. Ukristo wenyewe umebaki.

Kisha kuna muhtasari wa somo, uliopewa nguvu ya kisheria mwaka 2007. Uliandaliwa na makanisa makubwa manne: Katoliki, Presbiteri, Kanisa la Ireland na Methodisti. Katika ngazi ya msingi unamhusu Mungu kama anavyojifunua katika Biblia, pamoja na maadili ya Kikristo. Dini nyingine za dunia zinaingia sekondari, mtoto akiwa na miaka 11 au zaidi. Muhtasari huohuo unasema kwamba ni kiini tu, na kwamba shule iko huru kuongeza juu yake kulingana na mahitaji ya wanafunzi wake. Naomba msomaji aishike sentensi hiyo, tutairudia.

Jamii nayo ilikuwa imebadilika. Sensa ya 2011 ilikuta asilimia 10.1 ya watu wa Ireland Kaskazini wakisema hawana dini. Sensa ya 2021 ikakuta asilimia 17.4.

Lililotokea

Mtoto alianza shule ya msingi ya umma mjini Belfast akiwa na miaka 4. Wazazi wake hawana dini, na mtazamo wao wa maisha unakaribia ule wa watu wanaoegemeza maadili kwenye utu na akili ya binadamu. Walitaka mwana wao alelewe akijua kwamba watu huamini mambo tofauti, na aamue mwenyewe akikua.

Baada ya muda wakaanza kuona mambo nyumbani. Mtoto alianza kusema kwamba Mungu ndiye aliyeumba dunia, na hakusema kama jambo ambalo baadhi ya watu huliamini, alisema kama mtu anayesema jua linachomoza mashariki. Mezani, kabla ya kula, alikuwa akitoa sala ya kushukuru chakula. Hapakuwa na mtu nyumbani aliyemfundisha. Aliitoa shuleni.

Sala ya chakula haimdhuru mtu, na wapo watakaosema wazazi hawa walikuwa wanatafuta sababu. Lakini tugeuze upande. Chukua familia ya Kiislamu ya Tanga ambayo mtoto wake wa chekechea anarudi kutoka shule ya serikali akipiga ishara ya msalaba kabla ya kula, au familia ya Kilutheri ya Moshi ambayo mtoto wake anarudi akisoma Al-Fatiha. Wazazi hao wangefika ofisini kwa mwalimu mkuu kabla ya saa mbili asubuhi, na hakuna jirani ambaye angewaona wakorofi.

Mwaka 2019 wazazi wakaiandikia shule. Walisema elimu anayopewa mtoto wao haiendani na imani yao ya kifalsafa. Shule ikajibu kwamba elimu yake ya dini na ibada yake ya pamoja zinajengwa juu ya Biblia na zinafuata muhtasari wa serikali, kama sheria inavyotaka. Jibu lilikuwa sahihi kila neno.

Uamuzi wa kutomtoa mtoto

Sheria ya kule inampa mzazi haki ya kumtoa mtoto kwenye somo la dini, kwenye ibada, au vyote viwili, sehemu au kabisa. Haulizwi sababu. Mzazi akiomba, shule inatii. Ukiisoma ofisini inaonekana ni suluhisho la haki kwa kila mtu.

Wazazi waliitazama kutoka upande wa mtoto wa miaka 5. Wenzake wanapanga mstari kwenda ukumbini, yeye anabaki. Abaki wapi, na nani, akifanya nini? Wenzake wakirudi wanaimba wimbo asioujua. Wakimuuliza kwa nini huwa haji, atajibu nini, wakati hata wazazi wake wangehitaji nusu saa kumweleza? Katika mji kama Belfast, ambako jina lako, shule yako na mtaa unaokaa vimewahi kutumika kukuhesabu upande fulani, mtoto wa pekee anayetolewa kwenye ibada anatangazwa. Wazazi nao wanatangazwa pamoja naye: kuomba atolewe ni kuiambia shule nzima mnaamini nini.

Kuhama shule kusingesaidia. Sheria ya 1986 inazifunga shule zote zinazopata fedha za serikali, zikiwemo zile zilizoanzishwa makusudi ili watoto wa Kikatoliki na wa Kiprotestanti wasome pamoja.

Kwa hiyo hawakumtoa. Walichagua kudai kwamba kipindi chenyewe kifundishwe kwa namna ambayo mtoto wao angeweza kukaa ndani yake. Hawakuomba somo la dini lifutwe, na nadhani huo ndio uamuzi uliobeba kesi yote. Mtu anayetaka dini iondoke shuleni anapambana na nchi nzima. Mtu anayetaka somo lifundishwe kwa haki anapambana na muhtasari.

Mahakama tatu, majibu matatu

Hoja ya kisheria ilitoka kwenye Mkataba wa Ulaya wa Haki za Binadamu. Itifaki ya kwanza ya mkataba huo, ibara ya 2, inaitaka serikali iheshimu imani za kidini na za kifalsafa za wazazi inapotoa elimu. Katika kesi ya Kjeldsen dhidi ya Denmark, mwaka 1976, Mahakama ya Ulaya ilieleza kipimo: serikali inaweza kufundisha mambo yanayogusa dini, lakini yatolewe bila upendeleo, kwa jicho la kuchambua, na kwa kutambua kuwa watu wana mitazamo mingi. Kisichoruhusiwa ni kumjaza mtoto imani. Mwaka 2007, katika kesi ya Folgerø, wazazi wa Norway wasiofuata Ukristo walishinda kwa kura 9 dhidi ya 8. Huko ruhusa ya kumtoa mtoto ilikuwa ya sehemu tu, na mzazi alitakiwa atoe sababu kwa kila kipande cha somo asichokitaka.

Julai 2022 Jaji Colton wa Mahakama Kuu ya Belfast aliwapa wazazi ushindi. Alikuta kwamba mafundisho hayakufikia kipimo hicho, na kwamba ruhusa ya kumtoa mtoto haikutosha kuyasafisha. Wizara ya Elimu ikakata rufaa.

Aprili 2024 Mahakama ya Rufani ilitoa hukumu ambayo mtu asiye mwanasheria ataisoma mara mbili. Ilikubali kwamba somo halikufundishwa bila upendeleo wala kwa uchambuzi. Kisha ikasema haki haikuvunjwa, kwa sababu ruhusa ya kumtoa mtoto ilikuwepo, kamili, tofauti na ile ya Norway. Yaani somo lina kasoro, lakini mlango uko wazi, na aliyebaki ndani amebaki kwa hiari yake.

Wazazi wakapanda juu. Mahakama ya Juu, kwa sauti moja, kupitia hukumu iliyoandikwa na Jaji Stephens, ilikataa mgawanyo huo. Kufundisha dini bila uchambuzi na bila kutambua mitazamo mingine, na kumjaza mtoto imani, ni kitu kimoja kinachotazamwa kutoka pande mbili. Huwezi kukubali cha kwanza ukakana cha pili. Kuhusu ruhusa, mahakama ilisema inawatwisha wazazi mzigo usio wa haki: wanalazimika kufichua imani yao, wanamweka mtoto kwenye hatari ya kunyanyapaliwa, na hofu hiyo peke yake inatosha kuwafanya wengi wasiitumie. Iligusa pia jambo ambalo lilikuwa limekaa kimya miaka mingi: wakaguzi wa shule wa Ireland Kaskazini hawalikagui somo la dini mpaka waalikwe na bodi ya shule. Masomo mengine yote yana jicho la nje.

Mahakama ilisisitiza kwamba kesi haikuwa ya kuiondoa dini shuleni. Ilikubali hata kwamba Ukristo, kwa historia na uzito wake katika nchi ile, unaweza kuchukua nafasi kubwa kuliko dini nyingine katika muhtasari.

Matokeo

Wazazi walipata tamko la kisheria. Sheria ya 1986 haikufutika siku hiyo, na muhtasari wa 2007 haukuchanwa. Kazi ya kuvirekebisha ni ya wizara na wanasiasa. Shule iliyofuata sheria kwa uaminifu ikajikuta imevunja haki za binadamu kwa kufuata sheria hiyohiyo.

Upande wa mtoto hesabu ni ngumu zaidi. Barua iliandikwa 2019, hukumu ikatoka 2025. Miaka 6, na shule ya msingi ya kule ni miaka 7. Chochote kitakachobadilishwa, watakaokifaidi ni watoto wengine.

Uchambuzi

Nianze na shule, kwa sababu ndiyo inayosahaulika kwenye kesi za namna hii. Wengi watasema mwalimu mkuu hakuwa na namna, sheria ilimfunga. Sikubaliani kabisa. Muhtasari ulisema wazi ni kiini tu na shule inaweza kuongeza. Hakuna kilichomzuia mwalimu wa darasa la kwanza kusema "Wakristo wanaamini Mungu aliumba dunia" badala ya "Mungu aliumba dunia". Neno hilo moja ndilo linalotenganisha kufundisha kuhusu dini na kufundisha dini, na mtoto wa miaka 5 hulisikia vizuri kuliko tunavyodhani. Hakuna kilichozuia pia kuwa na siku ya kuzungumzia familia zisizosali. Barua ya 2019 iliipa shule nafasi ya kukaa na wazazi wawili na kulizungumza hilo. Ilijibiwa kwa kifungu cha sheria. Nimeona tabia hii kwa wakuu wa shule wa huku pia: mzazi anakuja na swali la mtoto, anajibiwa kwa waraka.

Wazazi walifanya vizuri mambo mawili. La kwanza nimelitaja, kudai kitu chembamba. La pili ni kuweka ushahidi mdogo lakini wa kuonekana: maneno ya mtoto na sala ya mezani. Wangekuja na malalamiko ya jumla kuhusu dini katika jamii, wasingefika mbali. Mtoto aliyebadilika ndani ya muda wa shule ni jambo ambalo jaji anaweza kuliandika kwenye hukumu.

Kilichoshindwa kabisa ni dhana ya kwamba ruhusa ya kutoka inatosha. Dhana hiyo ina mvuto kwa serikali yoyote, kwa sababu haigharimu kitu. Hakuna kitabu kipya, hakuna mafunzo ya walimu, hakuna ugomvi na makanisa. Mzigo wote unahamia kwa mzazi, na kutoka kwa mzazi unashuka kwa mtoto. Na jinsi wachache wanavyoitumia ndivyo serikali inavyopata hoja kwamba hakuna tatizo. Mahakama ya Rufani iliitazama ruhusa kama maandishi. Mahakama ya Juu iliitazama kama jambo linalotokea asubuhi darasani. Tofauti yote ya hukumu hizi mbili iko hapo.

Kuna kitu upande wa pili ambacho sitaki kukipuuza. Walimu wengi wa kule, na wazazi wengi, wanaiona sala ya asubuhi kama sehemu ya malezi, na hawana nia ya kumgeuza mtu. Kwao hukumu inasikika kama tuhuma. Mahakama ilijaribu kuwatuliza kwa kusema nafasi ya Ukristo inabaki kubwa, lakini haikueleza ibada ya pamoja yenye uchambuzi inafananaje. Somo unaweza kulifundisha kwa uchambuzi. Sala unasali au husali. Hapa ndipo naona mvutano ujao, maana muhtasari mpya unaweza kuandikwa na watu wenye akili timamu, lakini hakuna kamati itakayoandika sala isiyoegemea upande.

Huku kwetu

Katiba ya Tanzania, ibara ya 19, inaufanya uhuru wa imani kuwa jambo la hiari ya mtu, na inaziweka shughuli za jumuiya za dini nje ya mamlaka ya nchi. Katiba ya Kenya ya 2010, ibara ya 32, inakataza mtu kulazimishwa kutenda kinyume na imani yake. Darasani, hata hivyo, mpangilio wetu ni wa vyumba: kipindi cha dini kikifika, Wakristo huku, Waislamu kule, kila upande na mwalimu wake, padri, mchungaji au ustadhi. Kenya mwanafunzi huchagua kati ya elimu ya dini ya Kikristo, ya Kiislamu na ya Kihindu.

Mpangilio huu umetusaidia kuepuka tatizo la Belfast kwa familia nyingi, kwa sababu hakuna dini moja inayofundishwa kwa wote. Lakini unadhani kila mtoto ana chumba chake. Mtoto wa wazazi wasio na dini, au wa imani ndogo isiyo na mwalimu shuleni, hana. Anaingia chumba cha karibu, au anabaki nje akifagia uwanja na kumwagilia maua mpaka kipindi kiishe. Kesi zetu za dini shuleni zilizofika juu zimekuwa za mavazi na siku za ibada: hijabu Isiolo, ambayo Mahakama ya Juu ya Kenya iliamua mwaka 2019 kwa misingi ya utaratibu bila kulimaliza swali lenyewe, Wasabato na masomo ya Jumamosi, na mwaka huohuo wa 2019, mwanafunzi wa Rastafari aliyerudishwa shuleni na Mahakama Kuu ya Nairobi akiwa na rasta zake. Zote ni za mtoto mwenye dini anayetaka nafasi zaidi kwa dini yake.

Mzazi wa huku mwenye malalamiko kama ya wazazi wa Belfast, kabla ya kufikiria wakili, ana maswali ya kumuuliza mwalimu mkuu kwa maandishi na kwa heshima: kipindi hiki kinafundisha nini hasa, anayefundisha ameteuliwa na nani, nani anakikagua, na mtoto asiye na chumba anafanya nini kwa dakika zile. Hilo la mwisho ndilo ambalo shule nyingi hazina jibu lake, na mwalimu mkuu mwenye busara atalitafutia mwalimu, meza na kitabu kabla barua ya pili haijafika. Hukumu ya London haiwafungi majaji wa Nairobi wala wa Dar es Salaam, ingawa wanaweza kuisoma na kuipima. Wakili atakayeipeleka kwao atahitaji muhtasari wa somo mkononi, maana kule Belfast mtoto alitajwa kwa herufi na namba, na muda mwingi wa majaji ulikwenda kwenye maandishi ya muhtasari na sheria iliyouzaa.